Mnyama wa Vyumba Viwili

Mnyama alikuwa mmoja, daftari lilisema ni wawili, na fundi aliyejua ukweli alikuwa amebakiza siku kumi na tisa kazini kabla ya kustaafu.

Kosa lilianza na makabati. Makumbusho yalipofunguliwa yalinunua makabati ya duka la viatu lililofilisika. Yalikuwa makabati mazuri, mbao ngumu, droo tele, lakini mafupi. Mnyama mzima hakuenea. Ikawekwa sheria: mnyama wa kale akishatolewa kwenye jiwe, mifupa yake kuanzia pua hadi ubavu wa mwisho iende Chumba cha Mbele, na kuanzia nyonga hadi ncha ya mkia iende Chumba cha Nyuma. Kila chumba kikapewa mtaalamu wake, daftari lake na birika lake la chai. Wataalamu waliokuja baadaye walikuta hivyo, wakadhani ndivyo sayansi ilivyo.

Fundi mwenyewe aliacha shule darasa la sita. Kazi yake ilikuwa kuutoa mfupa kwenye jiwe bila kuuvunja, kwa patasi ndogo, sindano, brashi na subira. Mnyama huyu alimchukua miaka minne. Aliletwa ndani ya jiwe kubwa kama meza ya watu wanane, na fundi akamtoa kidogo kidogo, kama mtu anavyomvua mgonjwa shati. Alimkuta amelala ubavu, kichwa huku, mkia kule, na uti wa mgongo mmoja ukipita katikati. Kwa hiyo hakuhitaji cheti kujua kwamba ni mmoja. Lakini sheria ni sheria. Aliandika kwa wino mweusi MB 214 kwenye taya na NY 377 kwenye nyonga, akapeleka kila upande chumbani kwake.

Mtaalamu wa Chumba cha Mbele, ambaye watu walimwita Bwana Mbele, alitazama meno. Yalikuwa magego marefu yenye mikunjo, ya mnyama aliyetafuna nyasi maisha yake yote, na meno ya kukatia juu na chini. Akaandika: mnyama aliyetoweka, mla nyasi, jamii ya farasi. Bwana Nyuma alitazama mguu. Kwato ilikuwa imepasuka katikati, na mfupa wa kifundo ulikuwa na kapi mbili, kama magurudumu ya kamba ya kisima, moja juu na moja chini, kitu ambacho farasi hana. Akaandika: mnyama aliyetoweka, mwenye kwato, jamii ya ng'ombe na swala. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja aliandika alichopewa.

Mabwana hawa wawili walikuwa mashemeji. Bwana Nyuma alimwoa dada yake Bwana Mbele, na siku ya harusi alichelewa saa nne kwa sababu alikuwa anapima paja la kifaru wa kale. Tangu siku hiyo, mwaka wa kumi na nane sasa, hawakusemeshana. Benchi la fundi lilikuwa kwenye korido katikati ya vyumba viwili, basi maneno yote yalipitia kwake.

"Fundi, mwambie shemeji yangu apunguze redio," angesema Bwana Nyuma.

"Shemeji yako anasema upunguze redio."

"Mwambie hiyo si redio. Ni mimi naimba."

"Anasema ni yeye anaimba."

"Basi mwambie azime."

Mwanzoni mwa mwezi ilikuja barua kutoka makao makuu. Chumba cha Nyuma kilikuwa kinahamishiwa makumbusho mapya, mji mwingine, umbali wa kilometa mia nne na kumi na mbili, pamoja na vyote vilivyomo. Lori lingekuja siku ya mwisho ya mwezi, na siku hiyohiyo fundi alikuwa anaondoka kazini. Alisoma barua ile mara mbili. Mnyama aliyemtoa kwenye jiwe akiwa mmoja alikuwa anakwenda kukatwa vipande viwili kwa karatasi, na baada ya hapo hakuna mtu ambaye angejua kwamba vipande hivyo viliwahi kuwa kimoja.

Jumatatu iliyofuata, saa moja na nusu asubuhi, fundi alifungua mlango wa uani akamkuta mnyama karibu na bomba, anakula nyasi.

Alikuwa na ukubwa wa punda aliyeshiba, rangi ya jiwe lililoloana, manyoya mafupi shingoni yaliyosimama kama brashi ya viatu. Pembe hakuwa nazo. Shavuni kushoto alikuwa na maandishi meusi, MB 214, na kwenye nyonga NY 377. Fundi aliutambua mwandiko wake, maana saba zake aliziwekea mstari katikati tangu shuleni. Alikwenda kuangalia makabati. Droo zote mbili zilikuwa tupu, zimebaki na pamba tu. Akavaa ovaroli, akabandika chai.

Mtunza bustani alifika saa mbili. Alikuwa mama mnene aliyeitwa Mama Mpira kwa sababu mpira wake wa kumwagilia haukumtoka mkononi.

"Mzee, huyu ni wa kwenu?"

"Wa kwetu."

"Mwambie asinikanyagie mpira."

Alimwangalia kwa muda, mkono kiunoni. Alikuwa amekulia kwenye zizi, baba yake akifuga ng'ombe na punda wa mikokoteni, na macho yake kwa mifugo yalikuwa makali kuliko ya watu wengi wenye darubini.

"Anakata nyasi kama farasi, meno ya juu anayo," alisema. "Halafu akishiba anacheua kama ng'ombe. Na mavi yake nimeyaangalia. Si ya huyo wala si ya yule."

"Kwa hiyo unasemaje?"

"Nasema huyu ana kwao. Hakuna haja ya kumfanya mtoto wa kambo wa farasi, wala wa ng'ombe. Kwao palikufa wote, basi. Si kosa lake."

Fundi aliona hayo ndiyo maelezo bora ya kitaalamu aliyowahi kuyasikia uani pale.

Bwana Mbele alikuja saa tatu na daftari, kwa sababu kila asubuhi ilimpasa kutia saini kwamba vielelezo vyake vyote vipo. Alimwendea mnyama, akamfunua mdomo, akahesabu meno, akasoma namba ya shavuni, akaandika: kipo. Miguu ya mbele hakuitazama. Kwenye jiwe miguu ile haikupatikana, haikuwa na namba, na ingawa sasa ilikuwa imesimama pale kwenye majani, na kwato zake zimepasuka katikati waziwazi, haikuwa daftarini. Baada ya robo saa alikuja Bwana Nyuma. Alipitia upande wa pili wa jengo asikutane na shemeji yake, akainua mguu wa nyuma, akapapasa kifundo, akaandika: kipo. Mnyama alimpiga na mkia. Bwana Nyuma aliandika na hilo pia: mkia unafanya kazi.

Fundi aliomba fomu. Ilikuwepo fomu kwa jambo hilo, Fomu ya Kuunganisha Vielelezo, haijawahi kutumika, imekunjamana chini ya droo. Ilitaka jina la mwombaji, elimu yake, maelezo yasiyozidi mstari mmoja, na saini za wataalamu wa vyumba vyote viwili kwamba hawana pingamizi. Kwenye maelezo fundi aliandika: Huyu ni mnyama mmoja tu.

Kazi ikawa saini. Mashemeji wale hawakuwahi kutia saini karatasi moja tangu cheti cha ndoa, na hata hicho Bwana Mbele alikisaini kama shahidi huku ameangalia pembeni.

"Fundi, mwambie aanze yeye."

"Anasema uanze wewe."

"Muulize mkubwa ni nani hapa."

"Anauliza mkubwa ni nani."

"Mwambie mimi ndiye niliyetoa dada."

Fomu ilikaa kwenye benchi siku nne, ikapata doa la chai.

Siku ya tano alikuja dada mtu, mke wa Bwana Nyuma, ameleta miwani ambayo mumewe aliisahau juu ya friji. Alikuwa mkunga hospitalini, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na alizoea kusema na watu waliolala chali wanapiga kelele, kwa hiyo sauti yake ilifika mbali bila kuipandisha.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mama. Miwani?"

"Miwani. Huyu ndiye anayewagombanisha?"

"Hawagombani. Kila mmoja ana wake."

Fundi akamweleza. Mkunga alisikiliza hadi mwisho, huku mnyama anamnusa mkoba.

"Mimi nimepokea watoto elfu tatu na kitu," alisema. "Wengine wanatanguliza kichwa, wengine wanatanguliza miguu. Sijapata kuandika kichwa daftari hili na miguu daftari lile." Akageukia madirisha. "Kaka! Na wewe baba watoto! Njooni hapa."

Walikuja. Mmoja alisimama upande wa kichwa na mwingine upande wa mkia.

"Fundi, mwambie dada yangu nina kazi," alisema Bwana Mbele.

"Nimekusikia mwenyewe, masikio ninayo. Huyu ni mmoja au ni wawili?"

Bwana Mbele alianza shingoni, akapitisha kidole begani, mbavuni, akasimama kwenye ubavu wa mwisho. "Baada ya hapa si eneo langu."

Bwana Nyuma alianza mkiani, akapanda hadi nyonga, akasimama. "Kabla ya hapa si langu."

Katikati ya vidole vyao palibaki nafasi ya shubiri moja, inapanda na kushuka kwa pumzi.

"Na hapa je?" aliuliza mkunga, akaweka kiganja.

"Hapo ni tumbo," alisema Bwana Nyuma. "Tumbo halibaki kwenye jiwe. Hatuna idara yake."

"Ndiyo," alisema Bwana Mbele, na hilo likawa jambo la kwanza walilokubaliana kwa miaka kumi na minane.

"Sainini," alisema mkunga. "Mimi zamu yangu inaanza saa nane, na kuna mwanamke wa mapacha ananisubiri. Wale ni wawili kweli."

Walisaini. Fundi aliipeleka fomu posta mwenyewe, kwa miguu, na njiani alipiga mluzi. Mke wake, ambaye alikuwa mshonaji, alimwambia jioni ile kwamba alikuwa hajamsikia akipiga mluzi tangu walipopata umeme.

Mnyama naye alinawiri. Nyasi za uani zilipungua zikawa fupi na sawa, kama zimekatwa na mashine, na Mama Mpira akapata muda wa kukaa kivulini na kumsimulia habari za majirani zake. Alisema ni msikilizaji mzuri, kwamba anacheua pale pale panapostahili. Wageni waliokuja kutazama visukuku walipita uani pia, wakampigapiga shingoni, wakauliza vyoo viko wapi.

Jibu lilirudi baada ya siku nane. Makao makuu yalishukuru. Yalisema kwenye nafasi ya elimu mwombaji ameandika darasa la sita, na maelezo ya kitaalamu hupokelewa kwa wenye cheti pekee. Kama mmoja wa wataalamu angependa kuomba yeye mwenyewe, milango iko wazi. Atie alama kwenye kisanduku kimoja kati ya viwili: jamii ya farasi, au jamii ya ng'ombe.

Fundi aliisoma kwa sauti akiwa koridoni, milango yote miwili ikiwa wazi.

"Mwambie aombe yeye," alisema Bwana Mbele. "Akitia alama farasi sina neno."

"Mwambie aombe yeye," alisema Bwana Nyuma. "Akitia alama ng'ombe nitamnunulia soda."

"Andikeni jamii yake mwenyewe," alisema fundi. "Mpya. Ana meno yake na ana kifundo chake, na kwao palikufa wote."

Wote wawili walijua ni kweli. Fundi aliwaona wakijua. Bwana Mbele alivua miwani akaifuta. Bwana Nyuma aliangalia dari.

"Kisanduku hakipo, Fundi," alisema Bwana Mbele hatimaye, kwa upole.

"Mwambie hapo amesema kweli," alisema Bwana Nyuma.

Zilikuwa zimebaki siku tano. Fundi hakupoteza muda kununa. Alichukua mbao sita zilizobaki kwenye kreti za zamani, akaranda, akapima, akaunda viegemeo viwili kama farasi wa fundi seremala, ule wa kuegemezea mbao, kila kimoja na magurudumu mawili ya kiti cha ofisi na mto uliojazwa pamba ya droo. Mke wake alishona foronya za mito kwa kitambaa kigumu. Alimuuliza ni vya nini.

"Vya mnyama. Kimoja akiegemee akibaki, kingine akiegemee akienda."

"Ataumia?"

"Sidhani. Amezoea kukaa mbali na mwenzake. Kwenye droo walikaa miaka mingi."

Lori lilifika siku ya mwisho, saa nne asubuhi. Karani wa usafirishaji alisoma orodha yake. Kreti arobaini na moja zilipakiwa. Kisha akasoma: "NY 377. Nyonga, miguu miwili ya nyuma, mkia."

Fundi alimwongoza mnyama hadi kwenye ubao wa kupandia. Nusu ya nyuma ilipanda lorini yenyewe, polepole, kiegemeo kikibiringika chini ya nyonga, mkia ukipunga. Nusu ya mbele ilibaki uani ikiendelea kula. Palipoachana palikuwa pakavu na laini, kama sabuni iliyokatwa kwa uzi. Fundi aliweka mkono pale akasikia joto. Karani aliomba saini, fundi akasaini kwamba ameitoa, Bwana Nyuma akasaini kwamba ameipokea. Bwana Mbele alitazama dirishani.

"Fundi," aliita. "Mwambie safari njema."

"Anasema safari njema."

"Mwambie asiimbe sana," alisema Bwana Nyuma, akapanda mbele pamoja na dereva. Mkewe alikuwa ameomba uhamisho hospitalini na angemfuata mwezi ujao, akimaliza zamu zake.

Mchana kulikuwa na chai ya kumuaga fundi. Alipewa saa ya ukutani. Hotuba ilisema amefanya kazi miaka thelathini na moja bila kuvunja mfupa.

Nusu mbili zile ziliendelea vizuri. Nusu ya mbele ilikula nyasi tangu asubuhi hadi jioni, na Mama Mpira aligundua kwamba hana tena mavi ya kufagia. Nusu ya nyuma, kule kilometa mia nne na kumi na mbili, haikula kitu kwa kuwa haikuwa na kichwa, lakini kila siku saa sita mchana ilitoa mavi ya kutosha toroli moja. Mtunza bustani wa kule alipanda maboga. Siku moja Mama Mpira aliilisha nusu ya mbele maganda ya tikiti pamoja na mbegu zake. Kesho yake alasiri mkunga alipiga simu kutoka kule akicheka. Mbegu zilikuwa zimefika salama, na mumewe ameziandika daftarini kwamba ni mbegu ambazo asili yake haijulikani.

Bwana Mbele alichapisha makala kuhusu mnyama wa jamii ya farasi ambaye hapotezi chochote anachokula. Bwana Nyuma alichapisha makala kuhusu mnyama wa jamii ya ng'ombe anayeishi bila kula. Wote wawili walipewa nishani, kwenye sherehe moja, wakaketi meza mbili.

"Kaka yangu ana wake asiyekunya, mume wangu ana wake asiyekula," mkunga alimwambia fundi kwenye simu. "Na wote wawili wamesoma, Fundi."

"Wamesoma, mama."

"Wewe unaendeleaje?"

Alisema anaendelea vizuri, na ilikuwa kweli. Alikuwa amepata kazi ya hiari. Nusu ya mbele haikuwa na mkia, na nzi walikuwa wameligundua hilo mapema. Wakitua sikioni huku, mkia ulipunga kule, na Bwana Nyuma akaandika kwamba hupunga bila sababu. Fundi alikuwa akija kila asubuhi na kitambaa, akikaa kwenye kiti cha Mama Mpira, akiwafukuza.

Hesabu yote ilikuwa hivi. Miaka minne ya kumtoa kwenye jiwe. Kucha mbili za mkono wa kushoto, zilizong'olewa na patasi. Fomu moja yenye doa la chai. Mbao sita, magurudumu manne, mito miwili. Mstari mmoja wa maneno matano, ambao haukuandikwa daftarini na hautaandikwa. Mnyama aliyekuwa na urefu wa mita mbili na sentimita kumi, na ambaye sasa, ukimpima sawasawa kutoka puani hadi ncha ya mkia, anazidi kilometa mia nne. Na nzi. Fundi alihesabu wale wa siku ya kwanza tu, walikuwa sitini na watatu.